Kuna Kamba Jikoni

Usiku hatumtaji kwa jina. Tunasema kamba.
"Mama, kuna kamba jikoni," alisema Mwanahawa
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi,
nami nikajua, maana kamba zangu zote
nilikuwa nimezikalia: miyaa, ung'ongo, ukindu wa rangi,
nasuka mkeka wa mtu wa Pongwe
aliyelipa nusu.

Swila.
Amesimama kando ya gunia la mahindi,
shingo kaitandaza kama upawa,
na mtoto anammulika kwa simu ya baba yake
kama anayempiga picha.
Zima, nikasema.
Akachelewa kuzima.

Mate sikuyaona. Niliona mikono ikikimbilia uso
na simu ikianguka kifudifudi,
mwanga wake ukaitazama sakafu.

Ndoo nzima ya maji ya udhu.
Nilimlaza ubavu kwenye kizingiti cha uani,
nikammiminia jicho la kushoto, la kulia, la kushoto,
yeye akiita mama, mimi nikiita fumbua, fumbua,
hadi kata ikagonga chini.
Jirani mmoja akaja na maziwa ya mbuzi.
Mwingine na jiwe jeusi la babu yake.
Mwingine na maneno matupu: mngemwaga dizeli,
mngepanda vitunguu saumu, mngechoma tairi,
mngehama.
Maji, nikasema. Leteni maji.

Aliyeingia ndani ni Semkiwa, fundi mageti,
kavaa kinyago chake cha kuchomelea, cha kioo cheusi,
glavu za ngozi, mabuti ya kukatia mkonge
aliyoachiwa na kaka yake,
na msuli wa kulalia.
Kioo kile hakioni kitu pasipo cheche.
Basi nikasimama mlangoni, nikawa macho yake.
Kushoto. Siyo, hicho ni kinu. Mbele kidogo.
Kageuka. Ngoja. Kalala.
Sasa!
Akamfunika kwa beseni la kufulia, akalikalia,
na tukacheka, Mungu atusamehe,
mtoto kavimba macho na sisi tunacheka.

Wakamuua uani kulipokucha. Sikwenda kutazama,
nilikuwa Muheza hospitalini, kwenye benchi,
nikihesabu vidole pamoja na Mwanahawa.
Hivi vingapi? Vitatu.
Vilikuwa viwili. Kesho yake vikawa viwili.

Tuliporudi tukalihamisha gunia.
Panya walikwisha litoboa pembeni,
na yeye aliwafuata panya, hakutufuata sisi.
Nyuma yake, kwenye pembe, nikakuta ngozi,
nzima, hadi vifuniko vya macho.
Chini ya hiyo, nyingine. Ndogo kidogo, imechakaa.
Gunia tulilinunua Shaabani.
Sasa ni Mfunguo Nne.

Mfungo wote, Idi yote,
ndani ya nyumba hii ya watu wanne
mtu wa tano alikuwa akikua.
Nilipogombana na Mwinjuma kwa ajili ya ada ya shule
alikuwepo.
Wanasema hana masikio, ardhi ndiyo humpelekea habari.
Basi nyayo zetu alizijua moja moja,
na usiku nilipokwenda peku kunywa maji mtungini
alijikunja, akanipisha.
Mara ngapi, sijui.
Jambo hili sijamwambia mtu.

Semkiwa ametupigia bamba la bati chini ya mlango,
hela hakutaka. Kwenye kioo cha kinyago chake
kuna madoa mawili meupe, hataki kuyafuta,
huwaonyesha wateja.
Mkeka wa Pongwe haujaisha.
Ung'ongo ukiniteleza magotini, mkono unaruka wenyewe,
nami ndiye niliyeuchana, nikauanika, nikaulaza umande.

Mwanahawa anaona.
Siku hizi anamtaja, hata usiku wa manane,
nyoka, anasema, nyoka, nyoka,
na bibi yake akimkemea, hujibu:
"Ukisema kamba, bibi,
watu wanakuja taratibu."